Midomo Mingi, Miche Michache: Mwongozo wa Kupima na Kupunguza Ulaji wa Wanyama Katika Msitu wa Kijiji, Mwanza

Kila vuli inapokaribia, miche hupandishwa vilimani Magu, Misungwi na Kwimba kwa mikokoteni na kwa vichwa vya watoto wa shule. Ikifika Septemba ya mwaka unaofuata, sehemu kubwa imebaki vijiti. Watu husema jua limeua. Ukiinama ukavitazama vijiti hivyo kwa karibu, vingi vina jeraha kwenye ncha. Mche uling'atwa kwanza, ukachipua kwa akiba ya mwisho iliyokuwa kwenye mizizi, ukang'atwa tena, ndipo jua likaukuta hauna kitu.

Mwongozo huu ni kwa kamati za maliasili za vijiji, wenye ngitili (maeneo ya malisho yanayofungwa msimu wa mvua), walimu wenye misitu ya shule, na yeyote mwenye kilima anachotaka kirudie kuwa na miti. Unahusu midomo: mbuzi, ng'ombe, na wanyamapori wadogo waliobaki kwenye vilima vyetu vya mawe na kandokando ya ziwa, yaani swala wadogo kama digidigi, nsya na pongo, pamoja na pimbi, sungura na tumbili. Hatutafuti kuimaliza midomo hiyo. Tunatafuta ipungue ifikie kiasi ambacho msitu unakimudu, ili miti ya aina nyingi ipite kimo cha kuliwa.

Jambo moja naomba ulishike tangu mwanzo: usianze kwa kuhesabu wanyama. Wanyamapori hujificha na mbuzi hutembea, na mwenye mbuzi hana haraka ya kutaja idadi yao. Hesabu miche. Mche umesimama palepale mwaka mzima na umebeba alama ya kila aliyepita.

Kwa nini ulaji unahusu tabianchi

Ulaya wamejifunza somo hili kwa gharama kubwa. Ujerumani misitu mingi ilikuwa imepandwa sprusi, mti wenye mizizi ya juujuu usiopatana na ukame. Ukame ulioanza 2018 uliudhoofisha, na wadudu wa magome wakaumaliza katika maeneo makubwa. Wataalamu wa misitu wanataka mahali pake paote mchanganyiko, ikiwemo mialoni inayovumilia joto na ukame zaidi. Lakini ayala, wale wanyama wa pembe zenye matawi, hupenda miche ya mwaloni kuliko ya sprusi. Wakiwa wengi, mwaloni hauinuki, na msitu unaoota ni uleule uliokwisha kushindwa. Ndiyo maana huko idadi ya ayala hupangwa kwa uwindaji wa vibali, na jimbo la Bavaria hukagua kila baada ya miaka mitatu miche imeliwa kiasi gani kabla ya kupanga wawindwe wangapi.

Huku kwetu ayala hawapo. Katika Afrika ayala wa asili wako kaskazini tu, Algeria na Tunisia. Mahali pao pameshikwa na mbuzi, akisaidiwa na ng'ombe wakati wa kiangazi na swala wadogo usiku. Kanuni, hata hivyo, haibadiliki: mnyama huchagua. Hali miche yote sawasawa. Huanza na ile mitamu, na mara nyingi hiyo ndiyo aina tunayoihitaji ili msitu uvumilie miaka mibaya.

Na miaka mibaya ipo. Mvua zetu ni mbili, vuli kuanzia Oktoba na masika kuanzia Machi, halafu kiangazi cha Juni hadi Septemba. Vuli hufuata sana joto la Bahari ya Hindi. Mwaka 2019 upande wa magharibi wa bahari ulipata joto kuliko kawaida, mvua ikamwagika kupita kiasi, na mwaka uliofuata ziwa likapanda likameza fukwe, mashamba na nyumba. Likapanda tena 2024. Miaka mingine vuli huchelewa au hukatika katikati, mahindi yakakauka yakiwa magotini. Kilima chenye aina moja ya mti kinategemea bahati. Kikiwa na mgunga, mkwaju, mninga, mpingo na mkuyu kwa pamoja, ukame utaumiza baadhi na wengine watabaki, wadudu watashambulia aina moja na nyingine zitapona.

Chukua mninga, kwa wenzetu wa Sengerema na Geita. Mche wake hufa sehemu ya juu kila kiangazi kwa miaka kadhaa, huku mzizi ukinenepa chini ya ardhi, mpaka mwaka mmoja uwe na nguvu ya kusukuma shina linalobaki. Mche huo ukiguguniwa kila vuli unapotoa majani, mzizi haunenepi. Mtu anayepita ataona kijani kidogo na kusema mninga upo. Upo, lakini hauendi popote.

Hatua ya 1: Kubalianeni ni kilima kipi na ni cha nani

Kabla ya kamba na panga, mjue ardhi iko chini ya nani. Msitu wa kijiji unasimamiwa na halmashauri ya kijiji kupitia kamati ya maliasili, na Sheria ya Misitu ya 2002 inawapa njia ya kuutangaza kuwa hifadhi ya msitu wa kijiji. Ngitili ya ukoo ina wenyewe. Mashamba ya miti ya serikali, kama Rubya kule Ukerewe na Buhindi upande wa Buchosa, yako chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, nanyi hamna mamlaka ya kupanga jambo humo. Ufukweni, kumbukeni kwamba Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Ukanda huo, ukiachwa upumue, ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa unyevu upo na miche hujiotea yenyewe.

Chagueni eneo mnaloweza kulizunguka kwa miguu asubuhi moja. Kamati inayoanza na kilima kizima huchoka kabla ya masika.

Hatua ya 2: Soma jeraha

Hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, na haina gharama. Tembeeni watu wanne au watano, na miongoni mwao wawepo mama wanaookota kuni na vijana wanaochunga, maana hao ndio wanaojua nani hupita wapi. Piga goti mbele ya mche, shika ncha yake kati ya vidole, tazama palipokatika.

Mbuzi, ng'ombe na swala wote hawana meno ya mbele ya juu. Huubana mmea kati ya meno ya chini na ufizi, kisha huvuta. Kwa hiyo jeraha lao limechanika, lina nyuzinyuzi, na gome mara nyingi limevutwa kidogo kwenda chini. Sungura ana meno juu na chini. Hukata mshazari, safi kama kwa wembe, na karibu na ardhi. Panya pia hukata safi, lakini hupenda kumenya gome la chini kwanza. Tumbili huvunja kwa mkono, akaonja, akatupa. Tafuta vipande vya ncha vilivyolala chini. Mchwa hawang'ati ncha. Wao huacha udongo kwenye shingo ya mche, na ukiuvuta unang'oka bila mzizi. Viwavi hutoboa majani na kuacha ncha imesimama. Msimsingizie mbuzi kazi ya mchwa.

Ili kutofautisha mbuzi na swala, tazama mambo mengine matatu. La kwanza ni kimo. Digidigi hula chini ya kiuno cha mtu. Mbuzi husimama kwa miguu ya nyuma, akaegemea shina, akafikia majani yaliyo juu ya kichwa cha mtoto. Ukiona vichaka vyote vimenyolewa usawa mmoja kwa chini, na juu yake majani yamejaa, huo ndio mstari wa mbuzi. La pili ni kinyesi. Cha mbuzi hutawanyika njia nzima. Digidigi hurudi mahali palepale mpaka pakawa na rundo. Pimbi nao wana vyoo vyao juu ya majabali, na mkojo wao huacha michirizi myeupe unayoiona ukiwa mbali. La tatu ni mahali. Pimbi hawaendi mbali na mawe, kwa sababu tai yuko juu. Miche iliyoliwa hatua chache kutoka kwenye majabali inaweza kuwa yao. Iliyoliwa katikati ya uwanda si yao.

Andikeni mnachokiona palepale. Kaunta buku moja, kalamu mbili, na mtu mmoja mwenye mwandiko unaosomeka.

Hatua ya 3: Weka vizimba vya kulinganisha

Macho yanaweza kudanganya, hasa macho ya mtu mwenye mbuzi na macho ya mtu asiye nao. Kizimba hutoa ushahidi ambao wote wawili wataukubali.

Pima mraba wa mita 10 kwa 10 kwa futikamba. Uzungushie uzio wa matawi ya mgunga yaliyoshindiliwa, mnene chini ili digidigi na sungura wasipenye, kimo kisipungue mita moja na nusu. Kama pongo wapo, ongeza. Mwenye uwezo aweke nguzo na seng'enge, lakini miiba inatosha mkiikagua kila mwezi. Kisha, hatua 20 pembeni, penye udongo na mteremko uleule, pima mraba mwingine wa ukubwa huohuo. Huu usiuzungushie chochote. Uwekee vigingi vinne vifupi vyenye rangi kwenye kona.

Wekeni jozi tatu: moja karibu na makazi, moja katikati ya kilima, moja karibu na maji au njia ya mifugo. Msichague mahali palipo pazuri zaidi. Simameni, mmoja afumbe macho arushe fimbo, na fimbo ilipoangukia ndipo kona ya kwanza.

Jozi zote zikingwe na moto kwa kufyeka ukanda unaozizunguka mwezi Juni, kabla nyasi hazijakauka kabisa. Moto ukiingia upande mmoja tu, ulinganisho wenu umekwisha.

Hatua ya 4: Hesabu miche kwa kamba

Kata kamba ya katani yenye urefu wa mita 1 na sentimita 78. Mtu mmoja ashike ncha moja katikati, mwingine aivute na kuzunguka. Duara hilo lina eneo la mita za mraba 10, hivyo mche mmoja ndani yake ni sawa na miche 1,000 kwa hekta. Hesabu ni rahisi, na mtoto wa darasa la sita anaifanya kichwani.

Pigeni maduara haya 20 kwenye mstari unaokata eneo lenu, kila baada ya hatua 50, bila kukwepa majabali wala vichaka. Pigeni pia matatu ndani ya kila kizimba na matatu ndani ya kila mraba wa wazi. Kwa kila mche ulio ndani ya duara, andika mambo matatu: jina la mti, hata kama ni la Kisukuma peke yake, kimo chake kwa mwili wa mtu, yaani chini ya goti, goti hadi kifua, kifua hadi juu ya kichwa, na kama ncha yake ya juu imeng'atwa au ni nzima. Ncha ya juu ndiyo muhimu. Tawi la pembeni likiliwa mche unaendelea. Ncha ikiliwa kila mwaka mche unageuka kichaka.

Hesabuni mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Juni, masika yakiisha, na mwishoni mwa Septemba, kabla ya vuli. Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo bei ya kiangazi.

Tuseme katika maduara yenu 20 mmekuta miche 46. Eneo mlilopima ni mita za mraba 200, kwa hiyo hekta moja ina miche 2,300. Mtu angefurahi. Sasa igawanyeni kwa jina: migunga 22, ambayo 8 imeng'atwa ncha, mininga 15, ambayo 14 imeng'atwa, mikwaju 9, yote imeng'atwa. Kwa jumla miche 31 kati ya 46 imeliwa, yaani theluthi mbili. Lakini jumla hiyo si habari kubwa. Habari kubwa ni kwamba mkwaju na mninga havipiti, na baada ya miaka 15 kilima hiki kitakuwa cha mgunga mtupu. Kamati inayosoma jumla peke yake itasherehekea miche 2,300 na kupoteza msitu.

Hatua ya 5: Amueni kiasi cha kubana

Ninavyopima mimi ni hivi. Kama kwenye aina mnazozitaka ncha zilizoliwa hazifiki robo, acheni mambo yalivyo na mlinde tu dhidi ya moto na panga. Zikiwa kati ya robo na nusu, badilisheni ratiba ya malisho. Zikizidi nusu, fungeni sehemu kabisa. Tazameni na kizimba: kama hata ndani ya uzio miche haiinuki baada ya misimu miwili ya mvua, tatizo lenu si midomo. Ni udongo uliokwisha, au mbegu hakuna, au nyasi zimesonga. Hapo kumfukuza mbuzi ni kumwonea.

Wanyama pia wana faida, na wasiolijua hilo huharibu kwa nia njema. Mbuzi na ng'ombe hula maganda ya mgunga na kusambaza mbegu kwenye kinyesi. Popo na tumbili hupanda mikuyu kuliko kamati yoyote. Ng'ombe wakila nyasi ndefu baada ya mbegu kukomaa, moto wa Agosti unakosa cha kuchoma. Eneo lisilo na mnyama hata mmoja hujaa nyasi, na cheche moja ya mrina asali hulimaliza.

Hatua ya 6: Anza na mifugo

Mifugo kwanza kwa sababu mbili: ndiyo mingi zaidi, na ndiyo iliyo mikononi mwenu kisheria.

Wasukuma hawahitaji kufundishwa ngitili. Eneo hufungwa mvua zinapoanza, nyasi zikakua, likafunguliwa katikati ya kiangazi malisho mengine yakiisha. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986, ulifanikiwa kwa kuwa ulifufua desturi hiyo badala ya kuleta uzio wa kigeni, na maeneo makubwa ya mkoa ule yalirudia kuwa na miti. Kinachohitaji kuongezwa sasa ni kimoja: ngitili ya nyasi hufunguliwa kila mwaka, bali sehemu inayorudisha miti haifunguliwi mpaka miche ipite kimo cha mbuzi.

Kwa hiyo gawanyeni kilima vipande vinne. Kipande kimoja kifungwe kabisa. Vitatu viendelee kwa zamu za kawaida za ngitili. Kipande kilichofungwa kikivuka kimo cha mita mbili kwa aina nyingi, kifunguliwe kwa ng'ombe, na kingine kifungwe. Mbuzi wangoje zaidi, kwa kuwa hupanda na kuvuta matawi. Katika hesabu za wataalamu wa mifugo ng'ombe mmoja huhesabiwa sawa na mbuzi saba hivi, kwa uzito na kwa chakula. Kwa nyasi hesabu hiyo ni sawa. Kwa miche inapotosha, maana ng'ombe ni mla nyasi anayekosea njia, mbuzi ni mla majani kwa asili yake. Mbuzi saba msituni ni hatari kuliko ng'ombe mmoja, na mara nyingi kuliko ng'ombe watano.

Lazima pawepo chakula mbadala, la sivyo sheria itavunjwa usiku. Mabua ya mahindi na mtama yasichomwe shambani. Yafungwe, yawekwe juu ya kichanja. Majani ya viazi vitamu, maganda ya muhogo na pumba ya mpunga yapo tele upande huu wa ziwa. Mabingobingo, zile nyasi ndefu za kulishia mifugo, yapandwe kwenye kingo za matuta. Kila mwenye mbuzi wengi ajue mapema, mwezi wa Mei, kwamba Agosti atakata na kubeba, yaani atakata majani na kuwapelekea mbuzi nyumbani.

Mzungumze kwa heshima. Mzee akikwambia, "Mwanangu, mbuzi hawa ndio ada ya wajukuu," usimjibu kwa kifungu cha sheria. Mpeleke kizimbani. Mwonyeshe mkwaju ulio ndani ya miiba na ule ulio nje. "Babu, hatujaja kukunyang'anya mbuzi. Tunaomba robo ya kilima kwa miaka michache, na kata na beba tutasaidiana." Dagashida, yaani baraza la jadi la wazee wa Kisukuma, ikikubali, utekelezaji unakuwa mwepesi kuliko amri yoyote. Baada ya hapo makubaliano yaandikwe kuwa sheria ndogo, yapitishwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, yapelekwe halmashauri ya wilaya yaidhinishwe. Faini isiyoidhinishwa huzaa ugomvi, na sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wanaotoza faini ya mdomo hugeuka washtakiwa. Mwenye ng'ombe anayepita kutoka wilaya nyingine naye apewe njia iliyowekwa alama, asipopewa atajitengenezea.

Hatua ya 7: Wanyamapori, kwa njia ya sheria

Hapa nasema kwa mkazo. Wanyamapori ni mali ya umma, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 inakataza kuwinda au kutega bila kibali. Nyaya, mitego ya chuma na sumu ni makosa, na waya hauchagui. Hunasa digidigi leo, kesho mbwa wako au mguu wa mtoto. Kamati ya msitu isigeuke genge la kitoweo.

Kabla ya kulalamikia wanyamapori, hakikisheni mifugo imekwisha kudhibitiwa na kizimba kimethibitisha. Mara nyingi mbuzi wakitoka, ulaji unaobaki ni mdogo kiasi cha kuvumilika. Ukibaki mkubwa, pelekeni daftari lenu kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Yeye ndiye atakayeshauriana na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori kama kuna haja ya kuhamisha wanyama au kupunguza idadi kwa vibali. Daftari lenye miaka miwili ya hesabu husikilizwa kuliko barua ya malalamiko.

Wakati huohuo yapo mnayoweza kuyafanya wenyewe. Msiue chatu, tai wala fisi; wao hupunguza pimbi na swala bila kibali cha mtu. Kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, kinaonyesha upande wa pili. Hakina simba wala chui. Tembo walipelekwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakiwa wachache, wakazaana, na kisiwani hakuna pa kuhamia msitu ukielemewa. Kilima kilichozungukwa na mashamba pande zote ni kisiwa vilevile. Wanyama wake hawana pa kwenda, kwa hiyo acheni ukanda wa vichaka unaounganisha kilima kimoja na kingine, ulaji utawanyike.

Jiwe la chumvi na maji ya kunyweshea viwekwe mbali na kipande kilichofungwa. Ufukweni, ziwa linapopanda, kiboko hupoteza malisho yake na kusogea juu usiku; nzohe, swala wa majini, pale alipobaki kwenye mafunjo, hubanwa namna hiyohiyo. Msifyeke mafunjo mkitegemea kwamba wanyama watatoweka. Mkifyeka, watahamia kwenye miche yenu.

Hatua ya 8: Linda mche mmojammoja pale inapobidi

Aina adimu haingoji kilima kizima. Mkikuta mkwaju au mpingo uliojiotea katikati ya kichaka cha miiba, msikifyeke kichaka hicho. Kinaulea. Mkipanda, pandeni ndani ya vichaka vya namna hiyo, upande usiopigwa na jua la alasiri. Mche ulio wazi uzungushieni matawi ya mgunga, miiba pande zote, mashina yakiingia ardhini kidogo ili yasivutwe. Maji ya kinyesi cha mbuzi yakipakwa kwenye majani humfanya mbuzi ageuze uso kwa siku kadhaa, mpaka mvua iyaoshe, rudieni.

Penye visiki vilivyo hai, chagueni machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, mpunguze mengine. Kisiki kina mizizi ya miaka mingi na hupita kimo cha mbuzi mapema kuliko mche wa kiriba. Kwangu mimi shilingi ya kwanza ya kamati iende kwenye visiki, ya pili kwenye miiba, na kitalu kije mwisho.

Hatua ya 9: Rudieni hesabu, msome daftari mbele ya watu

Kila Oktoba, kabla ya kupanda chochote, someni matokeo kwenye mkutano wa kijiji. Choreni ubaoni mistari miwili kwa kila aina ya mti: ncha nzima na ncha zilizoliwa, mwaka huu na mwaka jana. Wafugaji wasimame waulize. Kama ncha zilizoliwa zimepungua, semeni wazi kwamba ni kazi ya waliokubali kukata na kubeba, na muwataje. Kama hazikupungua, tafuteni kwanza uzio ulipotobolewa kabla ya kutafuta mtu.

Mwaka wa tatu vizimba vya kwanza vitakuwa vimejaa. Ng'oeni miiba, muihamishie kwenye jozi mpya katika kipande kinachofuata, lakini vigingi vya zamani vibaki ardhini. Vipakeni rangi upya na mwendelee kuhesabu palepale. Miche iliyokuwa imelindwa sasa iko wazi, na Septemba inayofuata itaonyesha kama kiasi cha mifugo mlichokubaliana kinafaa au kipunguzwe tena. Daftari likijaa, nakala moja ibaki kwa mtendaji wa kijiji na nyingine kwa afisa misitu wa wilaya, ili viongozi wakibadilika baada ya uchaguzi hesabu isianze sifuri.